Laptopu inachemka ukianza kazi nzito? Pima kwanza, bisibisi baadaye

#1 MpigaVideo_Tabata

Habari za jioni wakuu,

Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nimehangaika na jambo hili tangu Disemba, nimelipa mafundi wawili bila mafanikio, na mwisho nimegundua tatizo lilikuwa kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama ningepima badala ya kukisia.

Shughuli yangu ni video za harusi na sendoff. Mashine yangu ni laptopu ya geming niliyoinunua ikiwa imeshatumika, prosesa ni Intel Core i7-8750H, kadi ya picha GTX 1050 Ti. Mwaka wa kwanza sikuwa na la kulalamika. Video ya saa 2 nilikuwa naianzisha kurenda, yaani kompyuta kuichakata na kutoa video kamili, baada ya chakula cha usiku, ndani ya saa 3 iko tayari. Kaskazi ilipopamba moto, kazi ileile ikawa inakula zaidi ya saa 5. Feni zinavuma kama mashine ya kusaga, sehemu ya juu ya kibodi huwezi kuegesha kidole, na asubuhi mama wa bibi harusi anapiga simu kila nusu saa kuulizia video ya mwanawe.

Fundi wa kwanza alifungua kifuniko, akapaka pesti mpya (ule uji wa kupitisha joto) kwenye prosesa, akafunga, akachukua pesa yake. Wiki mbili hazikuisha, hali ikawa ileile. Fundi wa pili aliiwasha, akasikiliza feni, akaniambia prosesa imechoka, nitafute mashine nyingine. Nilishaanza kuulizia mkopo. Hakuna kati yetu watatu, nikiwemo mimi mwenye mali, aliyewahi kupima chochote.

Kwanza tuelewane kuhusu joto lenyewe. Prosesa hii ina kasi ya msingi ya gigahezi 2.2 na inaruhusiwa kupanda mpaka 4.1 kwa muda, mradi joto liruhusu. Mwisho wake ni nyuzi joto 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo haingoji kuungua, inajibana mwendo yenyewe: inashusha kasi, inakula umeme mdogo, joto linatulia, inapandisha tena kidogo, inashusha tena. Ndiyo maana laptopu nyingi zinazochemka haziungui. Zinakuwa nzito tu, na mwenye nayo anadhani ni virusi au RAM haitoshi.

Joto linatokaje? Prosesa inagusana na bamba la shaba kupitia pesti. Kutoka kwenye bamba kuna mirija ya shaba iliyobapa. Watu wengi hudhani mirija hiyo ni shaba tupu, kumbe ndani ina maji kidogo sana, na hewa imenyonywa, kwa hiyo maji yanageuka mvuke hata kwa joto dogo. Mvuke unakimbilia ncha ya pili, unapoa, unageuka maji, unarudi kupitia utambi uliomo ndani ya mrija. Ncha hiyo ya pili imeungwa na kitu kama rejeta ya gari, mapezi membamba yaliyopangana karibu karibu, na feni inavuta hewa chini ya laptopu na kuipitisha katikati yake. Kwa kawaida kadi ya picha nayo iko kwenye mirija hiyohiyo, kwa hiyo ukirenda huku kadi inafanya kazi, zote mbili zinagombania rejeta moja.

Sasa angalia chumba. Mfumo huu unatoa joto kwa kutegemea hewa iliyopo. Chumba kikitoka nyuzi 23 kikafika 33, zile nyuzi 10 zinakuja karibu zote mpaka kwenye prosesa. Laptopu iliyokuwa inafika 88 mwezi wa saba wakati kipupwe kinapiga, mwezi wa kwanza inagonga ukuta. Haijaharibika ghafla. Ilikuwa imebakiza nafasi ndogo, na kaskazi imeimaliza.

Nilichofanya: nikapakua HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha nyuzi na kasi ya prosesa. Nikachukua kipande cha video cha dakika 10, kilekile kila mara, mipangilio ileile, nikawa nakirenda na kuandika kwenye daftari muda, nyuzi za prosesa na kasi. Chumba nilikipima pia, kilikuwa 32 hadi 33 siku zote nilizofanya jaribio.

Mara ya kwanza, laptopu mezani kama kawaida: dakika 26. Nyuzi 98. Kasi gigahezi 1.6. Chini ya kasi ya msingi! Yaani nilikuwa nimenunua prosesa ya 4.1 na naitumia kwa 1.6.

Nikainua nyuma ya laptopu kwa vizibo viwili vya chupa za maji ya lita 1.5, ili feni zivute hewa vizuri. Nikarenda tena. Nyuzi 98. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kusema haisaidii. Lakini tazama namba ya pili: kasi ilikuwa 1.9, na kazi iliisha kwa dakika 22. Laptopu iliyokwisha kujibana haikuonyeshi nafuu kwenye nyuzi, kwa sababu kila nafasi unayoipa inaitumia kuongeza kasi mpaka igonge ukuta tena. Nafuu unaiona kwenye kasi na kwenye saa. Ukiangalia nyuzi peke yake utadhani umepoteza muda. Hili naomba likae kichwani kuliko lolote nililoandika hapa.

Baadaye nikafungua mwenyewe. Niliangalia kwanza video ya mtu anayefungua modeli hiyohiyo, nikachomoa betri kwenye bodi, skrubu nikazipanga kwenye karatasi niliyoichora umbo la laptopu. Kwa juu ilikuwa safi kabisa, fundi wa kwanza alishaipuliza. Nikafungua feni yenyewe, skrubu tatu ndogo. Kati ya feni na rejeta kulikuwa na utando wa vumbi na nyuzi za nguo, umeshikana kama kipande cha blanketi, umeziba karibu upana wote. Ukipuliza kutoka nje utando huo hautoki. Unasogea kidogo, feni ikiwaka unarudi palepale. Niliutoa kwa kibano, mzima mzima, upande wa kulia na wa kushoto.

Dakika 14. Nyuzi 93, kasi 3.0.

Kwa vizibo viwili na kutoa vumbi nimetoka dakika 26 hadi 14, bila kununua kitu. Pesti niliigusa mwisho. Ile ya fundi ilikuwa nyingi, imemwagika pembeni, nikasafisha kwa spiriti ya asilimia 99, nikapaka Arctic MX-4 kidogo, nikakaza skrubu za bamba kwa kufuata namba zilizoandikwa kwenye bamba lenyewe, 1 mpaka 4, kidogo kidogo kwa zamu. Dakika 13, nyuzi 90, kasi 3.2. Nafuu ipo, lakini ndogo ukilinganisha na vumbi.

Cha mwisho ni kuibana kwa hiari. Kwa programu ya ThrottleStop niliiwekea prosesa mwisho wa wati 35 badala ya 45. Inarenda kwa 2.9, nyuzi 79, dakika 14 na nusu. Nimepoteza dakika moja na nusu, nimeshusha nyuzi 11, na feni sasa naweza kukaa nazo chumba kimoja. Sababu ni kwamba kasi ya juu inahitaji volti kubwa zaidi, na umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volti. Zile hatua za mwisho za kasi ndizo ghali kuliko zote.

Asiyetaka programu ya ziada, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna sehemu imeandikwa "Maximum processor state". Ukiishusha kutoka 100% hadi 99%, prosesa nyingi za Intel zinaacha kupanda juu ya kasi ya msingi. Inapoza sana. Kwangu ingenirudisha 2.2, ndiyo maana sikuichagua, lakini kwa mtu mwenye kazi ya kesho asubuhi na laptopu inayounguza ni msaada wa haraka.

Naombeni wenye uzoefu mwongezee. Mafundi pia mje, sijaja kuwasema vibaya.


#2 FundiKkoo

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho. Nipo kwenye kazi hii miaka kadhaa, Kariakoo, na ulichoandika juu ya utando nakiona kila siku. Niseme ukweli wa upande wetu: mteja anataka laptopu ndani ya nusu saa na anataka kulipa hela ya kupuliza. Kufungua feni, kusafisha, kurudisha, kupima dakika 20 ikiwa kwenye kazi nzito, hiyo ni kazi ya saa moja na nusu. Wateja wakikubali kulipia muda huo, mafundi wazuri wapo wengi.

Naongeza machache kwa wanaotaka kufungua wenyewe.

Mnaotumia bloa, shikeni mapanga ya feni kwa kidole au kijiti kabla ya kupuliza. Bloa inaizungusha feni kuliko ilivyoundwa, inaua beringi, na mota ikizungushwa kwa nguvu nayo inazalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Nimeletewa feni nyingi zinazokwaruza ambazo mwenyewe alikuwa anasafisha kwa nia njema.

Vile vipande laini kama gundi kavu vilivyo juu ya memori ya kadi ya picha, msivitupe na kuweka pesti badala yake. Ni pedi, zina unene wake, zinajaza nafasi ambayo pesti haiwezi kujaza. Ukiweka pesti pale inabaki hewa katikati, prosesa inapoa lakini memori inaungua. Pedi nene kuliko ya mwanzo nayo ni tatizo, inanyanyua bamba lisikae kwenye prosesa.

Kuna wanaouliza pesti ya chuma cha maji. Kwa laptopu ya kazi mimi siipaki. Ina galiamu, inakula alumini, na inapitisha umeme. Tone moja likitoka nje ya prosesa, bodi imekwenda. Kwa sasa wateja wanaorenda kila siku nawashauri Honeywell PTM7950. Inakuja kama karatasi nyembamba, inalainika ikipata joto na kujaa yenyewe, na haisukumwi pembeni haraka kama pesti za kawaida. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma juu kama ya mezani, inapanda na kushuka joto mara nyingi kwa siku, kila ikitanuka na kusinyaa inaisukuma pesti nje. Ile nafuu yako ya wiki mbili, mkuu, inawezekana sehemu yake ilikuwa hiyo.

Na kabla hujagusa chochote angalia betri. Kama padi ya kugusia imenyanyuka, au kifuniko cha chini hakifungi vizuri, betri imevimba. Usiitoboe, usiibonyeze irudi. Zima, chomoa chaji, ipeleke kwa anayejua.


#3 ArkiMwanza

Asante kaka kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, natumia Revit na Lumion, programu za kuchora majengo. Yangu haipungui kasi, inazima ghafla. Naanza kurenda picha ya jengo, dakika 3 au 4, giza. Ikiwaka tena iko sawa kama hakuna kilichotokea. Nimeambiwa niongeze RAM. Bajeti ya kufungua bila sababu sina, na nina wasilisho tarehe 20.


#4 MpigaVideo_Tabata

Pole dada. RAM ikiwa ndogo inakuwa nzito au programu inajifunga, haizimi mashine nzima. Kuzima ghafla ni kinga ya mwisho, pale kujibana kumeshindwa kushusha joto. Maana yake kuna kitu kimeacha kabisa kufanya kazi: feni moja imekufa, au bamba halikugusana na prosesa, mara nyingi baada ya mtu kufungua. Chaja dhaifu au betri mbovu inaweza kuleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo usiruke.

Fanya hivi bila kulipa mtu. Weka HWiNFO, iruhusu iandike kumbukumbu kwenye faili, anza kurenda, ikizima soma mstari wa mwisho wa faili. Kama prosesa au kadi ya picha ilikuwa inakimbilia 100, ni joto. Kama ilikuwa 70 ikazima, angalia umeme. Halafu weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa, kila upande. Upande usiotoa upepo ndio wenye ugonjwa.


#5 Tanga_Raha

Mimi njia yangu ni rahisi: naweka chupa mbili za maji ya barafu chini ya laptopu nikicheza FIFA, na wakati mwingine naipumzisha dakika 10 kwenye friji. Inapoa mara moja. Kuna ubaya?


#6 FundiKkoo

Ndugu yangu acha leo hii. Hewa ya Tanga ina unyevu sana. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 hivi. Ndiyo yale maji unayoyaona nje ya chupa ya soda. Laptopu ikitoka kwenye friji inakuwa ile chupa ya soda, tofauti ni kwamba maji yanatengenezwa ndani, juu ya bodi yenye umeme. Bodi za pwani tunazipokea zina kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu hata bila friji. Feni ya mezani ikikupulizia pembeni, na nyuma ya laptopu ikiwa imeinuliwa, inatosha na haina madhara.


#7 KijanaWaRongai

Wadau mambo. Mimi niko Rongai, nje ya Nairobi, baridi yetu mnaijua, Julai navaa jaketi ndani ya nyumba. Lakini laptopu yangu mpya kabisa, ina miezi miwili, nikicheza gemu inafika 95 na inakaa hapo. Nimeirudisha dukani wakasema iko sawa. Nimekasirika kwa sababu naona kama wananizungusha. Vumbi haina, nimeangalia.


#8 MpigaVideo_Tabata

Ndugu, inawezekana wako sahihi, na tena ni namba ya pili itakayokwambia. Kasi ikoje ikiwa 95? Prosesa za sasa zimeundwa kutumia nafasi yote ya joto waliyopewa. AMD walieleza waziwazi mwaka 2022, wakizungumzia Ryzen 7000 za kompyuta za mezani, kuwa nyuzi 95 ni pale zinapolenga kukaa zikiwa kwenye kazi nzito, si dalili ya hitilafu. Ikiwa yako iko 95 na kasi ni juu ya kasi ya msingi, inafanya kazi yake. Ikiwa 95 na kasi iko chini ya msingi, hapo rudi dukani ukiwa na picha ya HWiNFO mkononi. Hawatakuzungusha ukiwa na namba.

Kwamba ni mpya peke yake si kinga. Julai 2018 Apple walitoa MacBook Pro ya inchi 15 yenye prosesa ya Core i9, na mtengenezaji video wa YouTube Dave Lee akaonyesha inarenda polepole kuliko inavyotarajiwa kwa sababu ya joto. Baada ya siku chache Apple wakakiri kuna kasoro kwenye programu ya kusimamia joto, wakatoa sasisho. Mtu mmoja alipima, akaonyesha saa.

Na Nairobi mko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenu ni ya baridi lakini ni nyepesi, kila mzunguko wa feni unabeba joto dogo kuliko huku Dar. Baridi inawasaidia, wepesi wa hewa unawapunguzia kidogo.


#9 KijanaWaRongai

Nimeangalia sasa hivi. 95, na kasi ni 3.9, ya msingi kwa mashine yangu ni 3.2. Kumbe. Basi naiwekea mwisho wa wati kama wewe, kelele ndiyo inanisumbua zaidi. Shukrani sana.


#10 Mbarouk_Maskati

Assalaam alaykum. Huku Maskati wakati wa kiangazi nje kunapita nyuzi 40, ndani bila kiyoyozi hukai. Langu ni la betri. Nilikuwa nafanya kazi na chaja imechomekwa siku nzima, betri 100% wakati wote, laptopu ya moto. Miezi 14 betri ikavimba. Joto linaila betri, na kuwa imejaa wakati wote inaongeza. Joto na kujaa vikikutana ndiyo kasi ya kuharibika inakuwa kubwa. Laptopu nyingi za sasa zina sehemu ya kuzuia chaji isipite 80%, iko kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine. Ya pili nimeiwekea hivyo tangu siku ya kwanza, mwaka wa tatu huu, iko bapa. Na msiiache ndani ya gari hata robo saa.


#11 Vumbi_Dodoma

Nauliza mambo mawili. Kwanza, huku kwetu vumbi ni la kila siku, nisafishe kila baada ya muda gani? Pili, kwa nini siwezi kushusha volti kwenye laptopu yangu? Nimefuata maelekezo yote ya ThrottleStop, sehemu ya volti imefungwa.


#12 MpigaVideo_Tabata

La pili kwanza. Disemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt: mtu mwenye mamlaka kamili kwenye kompyuta anaweza kuchezea volti ya prosesa za Intel na kuvuruga hesabu zinazofanyika kwenye eneo la prosesa lililotengwa kulinda siri. Intel na watengenezaji wa laptopu wakatoa sasisho za BIOS zinazofunga kushusha volti. Kwa hiyo huenda yako imefungwa huko. Usirudishe BIOS ya zamani kwa ajili ya nyuzi chache. Mwisho wa wati kwa mashine nyingi bado uko wazi, na kwangu huo ndio ulioleta tofauti.

La kwanza: usisafishe kwa kalenda, safisha kwa daftari. Chukua kazi yako moja, ipime leo ikiwa safi, andika muda na nyuzi za chumba. Irudie kila mwezi. Muda ukianza kurefuka na chumba ni kilekile, fungua. Kwa Dodoma naweza kukisia miezi mitatu, ila laptopu yako itakwambia vizuri kuliko mimi. Na isikae sakafuni wala kitandani. Godoro linaziba matundu ya chini, na shuka ndiyo inayotoa zile nyuzi za nguo zinazoshikilia vumbi.


#13 FundiKkoo

Nakazia hapo kwa daftari. Tangu nimesoma uzi huu, nimeanza kuwapa wateja karatasi: nyuzi na kasi kabla, nyuzi na kasi baada. Jana mmoja aliondoka bila kubishana bei kwa mara ya kwanza.

Kuhusu zile stendi zenye feni, maana naulizwa sana. Ile ya kawaida inayopuliza tu kwa chini inashusha nyuzi chache, na kama matundu ya laptopu hayako juu ya feni zake, haishushi kitu. Zenye mpira pembeni unaoziba na kusukuma hewa iingie kwa nguvu zinasaidia zaidi, lakini zina kelele na zinasukuma vumbi pia. Nunua baada ya kusafisha, usinunue badala ya kusafisha.


#14 ArkiMwanza

Kaka na fundi, nimerudi. Nilifanya mlivyosema. Mstari wa mwisho kabla ya kuzima: prosesa 99, kadi ya picha 91. Matundu ya kushoto yanatoa upepo wa moto, ya kulia hakuna kitu kabisa, hata nikiweka karatasi haitikisiki. Nikaenda kwa fundi hapa mjini nikiwa na hiyo picha, nikamwambia naomba aangalie feni ya kulia tu. Waya wake ulikuwa umechomoka kwenye bodi, haujakatika. Alisema aliyefungua mara ya mwisho hakuurudisha. Mara ya mwisho ilifunguliwa mwaka jana nilipoongezewa diski ya SSD.

Ameuchomeka, ametoa vumbi, hakuniuzia feni wala RAM. Nimerenda jengo zima jana usiku, picha 12, dakika 50 mfululizo, prosesa 86. Haijazima. Wasilisho ni keshokutwa, na picha zote ninazo.


#15 FundiKkoo

Hongera sana binti. Ukimaliza wasilisho, ipime tena na uandike namba hizo mahali. Mwakani kaskazi ikirudi utazihitaji.